Kiapo cha Majina Matatu

Karani amepanga karatasi zako mezani kama karata
na kunieleza, bila ubaya, kwamba sikufiwa na mtu mmoja.
Kitambulisho kinasema Drani Silvano.
Kitabu cha ushirika kinasema Dirani Sylvano.
Mkataba wa kiwanja cha Awindiri,
alioandika Mzee Marajani kwa wino wa bluu,
naye akisikia kwa sikio moja tu,
unasema Durani S., mwanamume, fundi.
"Mama, tuandike amekufa yupi?"

Nimeshamzika. Leo siku ya kumi na tisa.
Nilidhani udongo ndio muhuri wa mwisho.

Kumbe kuna barua ya mwenyekiti wa LC:
muhuri wake umekauka,
anaupulizia pumzi ya moto kwanza, kisha anagonga.
Kuna hati ya kifo: rudi Alhamisi.
Alhamisi hakuna mtandao.
Kuna picha ndogo za watoto wote wanne.
Kitindamimba alicheka mbele ya kamera, ikabidi turudie,
na mpiga picha akatoza mara mbili.
Kuna namba ya siri ya pesa zako za simu.
Nilijaribu mwaka wa ndoa yetu. Siyo.
Nikajaribu mwaka wa kifunguamimba. Siyo.
Sikuthubutu mara ya tatu.

Na Asiku, kaka yako,
kabla turubai halijashushwa uani,
kabla masufuria ya kukodi hayajahesabiwa,
alinivuta kando: "Shemeji, ile karatasi ya kiwanja iko wapi?"
Nikasema sijui.
Ilikuwa kifuani pangu ndani ya nailoni ya sukari,
ikilowa jasho pamoja nami.

Sasa kamishna wa viapo, chumba cha nyuma ya duka la simu,
ananipa kalamu iliyofungwa kamba.
"Inua mkono. Sema: ninaapa
kwamba majina haya matatu ni ya mtu mmoja, naye ni marehemu."

Hapo ulimi ukakwama.

Dirani wa ushirika alikopa laki tatu, hakuniambia.
Akalipa hadi shilingi ya mwisho, hakuniambia pia.
Kitabu ndicho kimenisimulia, ukurasa kwa ukurasa,
mwanamume niliyelala naye bila kumfahamu.
Durani wa kiwanja alinunua futi hamsini kwa mia
mwaka ule tuliokula muhogo asubuhi na jioni.
Akachomeka vigingi vibichi mpakani. Vikachipua,
naye akacheka: tazama, hata mpaka unataka kuishi.
Na Drani ni wa mama yako.
Alikuwa amezika wawili kabla yako,
akaliweka neno dra, kifo, ndani ya jina lako,
ili kifo kikipita mlangoni kidhani kimeshafika.
Kilidanganyika miaka arobaini na saba.

"Mama? Wenzako wanangoja."

Nikaapa.
Niliapa jinsi ulivyokuwa ukiunga nguo iliyochanika,
ncha hii na ncha ile,
bila kuiuliza nguo kama inakubali.
Elfu ishirini. Muhuri mwekundu. Risiti hakuna.

Bado ipo barua ya kutokuwa na pingamizi,
bado kikao cha ukoo, ambako Asiku atavaa koti,
bado mahakama, na tangazo la siku kumi na nne
ili ajitokeze yeyote anayekudai wewe, au jina lako.

Njiani simu yako ikalia mkobani.
"Fundi! Cherehani yangu vipi? Mwezi unakwisha!"
Sikumwambia. Nilisema shika laini,
nikaingia kibandani kwako, nikapapasa rafu ya chini.
Ipo, imefungwa kitambaa, na kijikaratasi cha mwandiko wako:
Ya Mama Ezaru. Uzi ulikuwa unakatika. Tayari.
Amelipa nusu.

Nikamwambia aje Jumamosi,
na ile nusu.